Maneno ya Kijivu ya Pambizoni

Jirani yetu Mama Kirita anadai kwamba Nambike, mtoto wa kaka yake, aliporudi kutoka Pambizoni alisimama mlangoni akajitambulisha kuanzia mwisho. Kwanza alisema amefika. Halafu akasema alikuwa safarini. Halafu akataja kazi aliyoiacha huko, na iliyotangulia hiyo, akaenda hivyo hivyo kinyumenyume mpaka shule ya msingi, hapo akanyamaza kama mtu aliyemaliza sala. Mama Kirita anasema ndani walikuwa wamepika makande, watu wamejaa, na hakuna aliyejua acheke au aitikie. Ndipo mtoto wa Nambike, yule aliyemwacha kwa bibi yake akiwa bado ananyonya, akaja kumshika sketi. Nambike akafungua mkoba, akatoa karatasi moja, akaisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akamwambia mtoto kwa upole kabisa, "Hapa hujaandikwa."

"Hakumsukuma," Mama Kirita hurudia kila anaposimulia. "Angemsukuma ningeelewa. Alimpa na pipi."

Mimi sikumwamini. Mama Kirita ni mtu wa kuongeza chumvi, na tangu zamani hakupendana na mke wa kaka yake. Lakini ile karatasi ya Nambike niliiona. Ilikuwa na muhuri wa kijani, na kwa muhuri ule alikuwa amepata kazi katika Nyumba ya Wagonjwa ya Pambizoni. Mimi nilitaka kazi. Naitwa Nakijwa, nina darasa la saba, na kwa miaka sita nilimuuguza mama yangu, aliyepooza upande wa kushoto mpaka alipofariki mwezi wa tatu. Kwetu kila niliyemwomba kazi aliniuliza, "Miaka sita yote ulikuwa wapi?" Nikisema nilikuwa nyumbani, anasema, "Aha." Nilikuwa nimeichoka hiyo aha. Nikaenda Pambizoni. Njia sisimulii, maana njia ni vumbi na kusubiri, kila mtu anaijua.

Naandika haya migongoni mwa karatasi zilizoharibika, ambazo wanazitupa katika sanduku karibu na benchi nililokalia. Sheria ya huku inasema maisha ya mtu yakae ukurasa mmoja. Kuhusu mgongo wa karatasi haikusema kitu.

Jambo la kwanza nililoona katika nchi hii ni kwamba hakuna kinachogusa ukingo. Nyumba zinajengwa mbali na mpaka wa kiwanja, mashamba yanalimwa katikati, vitanda vinasogezwa kutoka ukutani, na pande zote nne wanaacha ukanda mtupu wanaouita pambizo. Udongo wa hapo ni mweusi na mzuri kuliko wa ndani. Mbuzi akionekana analisha pambizoni anakamatwa. Niliuliza kwa nini hawapandi hata mchicha, nikajibiwa kuwa pakijaa, kilichoko katikati hakitasomeka.

Jambo la pili ni kuanzia mwisho. Kwa hilo Mama Kirita hakudanganya. Mtu akikusalimia anakuuliza la mwisho ni lipi, nawe unataja ulilolifanya karibuni, mkirudi nyuma mpaka mmoja achoke. Siku ya tatu nilihudhuria mazishi. Msomaji alisema marehemu amefariki, kabla ya hapo aliumwa, kabla ya hapo alikuwa fundi, na akamaliza na marehemu akiwa mtoto wa darasa la kwanza. Watu wakaondoka makaburini na huyo mtoto kichwani. Sikuona kuwa ni vibaya. Nilitamani mama angesomewa hivyo, tungeondoka tukiwa tumemwacha anaruka kamba.

Lakini katika mazishi yale yale msomaji alisema pia kwamba marehemu alipenda kuogelea na kucheza sataranji, ule mchezo wa mbao wenye farasi na wafalme. Nikatazama huku na huku. Nchi hii haina mto unaofika magotini. Mjane alikuwa anaitikia kwa kichwa. Baadaye nilikuja kuona kwamba kila nyumba ina ubao wa sataranji ukutani, umefutwa vumbi, na hakuna anayejua farasi anakwenda wapi.

Chanzo cha yote ni wasifu. Kila mtu wa Pambizoni ana wasifu wake, karatasi moja inayotengenezwa na karani katika Ukumbi wa Kiolezo. Kiolezo chenyewe kimo ndani ya kompyuta. Ni ukurasa uliokwisha kupangwa: hapa jina, hapa kazi, hapa shule, hapa unachopenda, kila kitu na kisanduku chake. Asiye na wasifu wenye muhuri hafanyi kazi, haoi wala haolewi, na akifa anasubiri.

Nilipata mahali pa kulala kwa Bi Asela. Ni bibi wa miaka themanini na kitu, miguu imekataa, analala chumba cha mbele ili aone njia. Serikali ilimpa muuguzi. Muuguzi alikuja kila asubuhi akiwa amepiga pasi nguo zake vizuri, akasimama mlangoni, akasoma karatasi yake, "Nina uwezo wa kuongoza timu. Nafanya kazi vizuri chini ya shinikizo." Bi Asela akaweka dole gumba kwenye daftari, muuguzi akashukuru akaenda zake.

Mimi nilianza kwa kunusa. Mtu aliyeuguza anaijua harufu ile kabla hajaona. Nilimwomba Bi Asela ruhusa, nikafunua shuka. Kidonda kilikuwa kiunoni, upana wa kiganja.

"Shikamoo tena, bibi," nikamwambia. "Nitakugeuza. Kutauma kidogo."

"Nigeuze," akasema. "Kuuma ninako tayari."

Nikamgeuza kama nilivyokuwa namgeuza mama, goti moja juu ya jingine, mto katikati, mkono wangu chini ya bega wala si kwapani. Nikaosha kwa maji vuguvugu ya chumvi. Kuanzia siku ile nikawa namgeuza kila baada ya saa mbili. Usiku niliamka bila kuamshwa, mwili wangu bado ulikuwa na ratiba ya mama.

"Umejifunza chuo gani?" akaniuliza.

"Kwa mama."

"Kinachukua miaka mingapi?"

"Mimi nilichukua sita."

Akacheka mpaka akakohoa. Kidonda kikaanza kuwa chekundu safi pembeni, dalili nzuri. Ndipo akaja Mkaguzi wa mtaa, mtu mnene mwenye adabu anayeitwa Bwana Thobia. Alisema amesikia kwamba mgonjwa anapona kwa njia isiyo ya kawaida. Akaeleza kuwa asiye na wasifu hamgusi mgonjwa. Nilipewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Nisipokuwa na muhuri, yeye mwenyewe atakaa mlangoni kwa Bi Asela kunizuia.

"Na kumgeuza atamgeuza nani?" nikauliza.

"Muuguzi."

"Muuguzi hajui."

"Dada," akasema, bila ukali, "ana karatasi."

Jumatano nikaenda Ukumbini. Ni jengo refu, madirisha yake yamewekwa mbali na pembe. Jumatano baraza hukutana humo humo huku foleni ikiendelea, kwa hiyo nilipanga mstari na kusikiliza mjadala. Hoja ilikuwa hii: je, wananchi wafundishwe kucheza sataranji? Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, alisema ni aibu taifa zima kupenda kitu lisichokijua. Mwenzake alipinga. Alisema leo kila mtu anapenda sataranji bila shida, lakini wakianza kufundishwa, wako watakaoshindwa, na aliyeshindwa atakuwa na wasifu wa uongo. Kwa hiyo kufundisha ni kuzalisha waongo. Watu wakapiga makofi. Mama mwenye miwani akauliza, "Na kuogelea?" Akajibiwa kwamba kuogelea kuna kamati yake.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwembamba, Mzee Tobosa, kofia mkononi. Alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili ya kunawa mikono, na cheti cha semina lazima kiandikwe. Ukurasa wake ulikuwa umejaa.

"Kitu kimoja kitoke," karani alimwambia. "Chagua mwenyewe, mzee wangu."

"Kuna nini?"

Karani akasoma kwenye kioo cha kompyuta. Mtu mwenye kujituma. Uwezo wa kuongoza timu. Meneja Msaidizi, Idara ya Mauzo, miaka sita. Kuogelea, sataranji. Hizo, alisema, ni nguzo za kiolezo, hazitolewi. Nje ya nguzo mzee alikuwa na mistari mitatu: fundi seremala, mume wa Kalista, baba wa Ndekirwa aliyefariki akiwa na miaka minne.

"Useremala bado naufanya," mzee akasema.

"Basi ubaki."

"Na Kalista yuko nyumbani, akisikia ametolewa sitakula."

Foleni ikacheka kidogo. Mzee naye akacheka, kisha akawa anaizungusha kofia. Karani akasubiri bila kumharakisha. Mwisho mzee akasema, "Mtoto hatajua," na karani akabonyeza. Sauti ya kitufe kile ni ndogo sana, kama mtu anayevunja njugu.

Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akifutiwa kitu katika wasifu hukikumbuka tena kwa shida, nami sikutaka kuamini. Lakini nilimsikia Mzee Tobosa akipita karibu yangu kwenda nje, anajisemea midomoni, "Nde, Nde," kama anayetafuta jina la mtu waliyekutana naye sokoni.

Karani anaitwa Lukio. Ni kijana wa rika langu, vidole virefu, sauti ya chini. Simchukii, niliseme hilo mapema. Alinikaribisha, akaandika jina langu, akaandika darasa la saba, akarudi juu penye kazi.

"Miaka sita hii ya mwisho?"

"Nilimuuguza mama."

"Taasisi gani?"

"Nyumbani."

"Mama si taasisi, dada. Alikuwa na anwani?"

"Alikuwa na kitanda."

Hakucheka. Alinieleza kwamba sheria ya pili inakataza pengo. Katika wasifu mwaka mmoja lazima ushikane na mwingine, na kisanduku hakikai kitupu. Lakini nisihuzunike, maana kiolezo chenyewe ni cha huruma. Kilikuja na kazi ndani yake tayari: Meneja Msaidizi, Idara ya Mauzo, miaka sita. Nikikubali tu kuiacha ilivyo, pengo langu limezibika.

"Lakini sijawahi kuwa meneja."

"Kila mtu hapa amewahi. Hata mimi."

"Ulikuwa unauza nini, kaka?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. "Haikuandikwa," akasema.

Kisha akanieleza kuhusu mdhamini. Chini ya kila wasifu pana jina la Bwana Anatoli Sekiondo, Meneja Mkuu, na namba yake ya simu. Huyo ndiye mdhamini wa watu wote wa Pambizoni. Karani humpigia simu, simu ikiita anamsomea wasifu wote wa mwombaji, na ikiita mara saba bila Bwana Sekiondo kukanusha, basi amethibitisha. Muhuri unapigwa.

"Amewahi kupokea?"

"Hajawahi kukanusha," Lukio akasema.

Akaniuliza kama niko tayari kuapa, maana kilichoandikwa ndicho kilichotokea, na anayesema vingine baada ya muhuri anafukuzwa. Nikatazama kioo chake. Mimi ni mtu wa kutazama. Kwa miaka sita nilikaa na mtu asiyeweza kusema, nikajifunza kumtazama uso nijue ana kiu au ana maumivu. Na kwenye kioo kile niliona kitu: maneno yalikuwa ya rangi mbili. Jina langu na darasa langu vilikuwa vyeusi. Meneja Msaidizi, kuogelea, sataranji, Bwana Sekiondo na namba yake, vyote vilikuwa vya kijivu.

"Kwa nini haya yamepauka?"

"Ni ya heshima," Lukio akasema. "Kama mvi. Yakichapwa yanatoka meusi, huwezi kujua lipi ni lipi."

Nikamwomba aniache nikafikirie, nikarudi kwa Bi Asela.

Nilimgeuza, nikamlisha uji, nikamweleza nilichoona. Nilipofika kwenye habari ya rangi ya kijivu alinishika kifundo cha mkono. Sikujua kama alikuwa bado na nguvu hizo.

"Bado ni ya kijivu?"

"Ndiyo, bibi."

"Walisema yamekuwa meusi. Miaka yote nilifikiri yamekwisha kuwa meusi." Akatazama njia. "Mimi ndiye niliyekifungua kiolezo kile mara ya kwanza. Nilikuwa mpiga chapa wa serikali. Kilipokuja kilikuwa na maneno ya mfano, ili mtu aone wapi aandike nini. Mfano tu, mjukuu wangu. Ya kijivu ni ya kufutwa. Unagusa pale, unaandika yako, yenyewe yanaondoka."

"Sasa kwa nini yakabaki?"

"Ilikuwa Ijumaa," akasema.

Nikamsogezea mto.

"Waliniletea wakubwa arobaini, wanataka wasifu kabla ya jua kuzama, kuna mgeni anakuja. Nikaandika majina nikachapa. Nikasema Jumatatu nitasafisha. Jumatatu wakubwa walikuwa wameshasomewa mbele ya watu kwamba ni mameneja na wanapenda sataranji, wamepigiwa makofi. Nani angewaendea kuwaambia? Nilikwenda kwa mmoja. Akaniomba wasifu wangu aone kama nina mamlaka ya kusema. Tukautazama pamoja. Ulisema nami nilikuwa Meneja Msaidizi, si mpiga chapa."

"Na Bwana Sekiondo?"

"Hayupo. Namba ile ni tarakimu zilizopangwa tu."

Nilikaa kando ya kitanda. Nilifikiri juu ya Mzee Tobosa, aliyemtoa mtoto wake ili Bwana Sekiondo apate mahali pa kukaa. Nilifikiri pia juu ya Nambike na pipi yake, na moyoni nikamwomba Mama Kirita msamaha.

"Bibi, ukiniambia niape, nitaapa," nikasema. "Nipate muhuri nikae nawe. Kidonda kikirudi safari hii kitaingia mfupa."

Alikuwa mtu wa kusema haraka, lakini hapo hakusema haraka. "Ukiapa, miaka yako sita itakwenda kwa mtu wa mauzo. Na baada ya mwezi utasimama mlangoni hapo unanisomea karatasi, kama yule wa kupiga pasi. Ulijifunza kwa mama yako. Ukimtoa yeye, mikono itajua nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimedhani ninachagua kati ya mama na Bi Asela.

Leo ni Ijumaa. Saa sita kamili nilimgeuza Bi Asela upande wa kulia, nikaweka mito, nikamwachia kikombe mahali mkono unapofika. Bwana Thobia alikuwa amekwisha kuleta kiti chake mlangoni. Nikaja Ukumbini. Foleni ilikuwa fupi. Nyuma yangu alikuja Mzee Tobosa, ana cheti kingine, cha kuhudhuria kikao cha tathmini ya semina.

"Umefikiri?" Lukio akaniuliza.

"Nimefikiri, kaka. Niko tayari. Ila kwanza weka mshale wako hapo penye Meneja Msaidizi."

"Hapo hatuwekagi. Tumefundishwa kuruka."

"Weka tu. Sitakuambia uharibu kitu."

Akaweka. Akabonyeza. Maneno yote ya mstari ule yakajipaka rangi kwa pamoja, kama kitu kimoja kilichoamka. Lukio akaondoa mkono.

"Sasa gusa herufi yoyote."

"Dada, mimi nina mke."

"Herufi moja."

Sijui kwa nini aliigusa. Labda ni kwa sababu tangu Jumatano alikuwa hajapata jibu la alikuwa anauza nini. Aligusa kitufe, na Meneja Msaidizi na Idara ya Mauzo na miaka sita vikaondoka mara moja, bila sauti. Katikati ya ukurasa pakabaki pengo jeupe, na ndani yake mstari mmoja mdogo uliosimama, unawaka unazima, unawaka unazima.

Ukumbi mzima ukaona, maana kioo cha karani kinaelekea watu ili kusiwe na siri. Mama mmoja akajifunika mdomo. Pengo ni kosa, na sasa lilikuwa limefunguliwa mbele ya mashahidi, na halikuwa langu peke yangu, lilikuwa la karani aliyelifungua.

"Rudisha," Lukio akaninong'oneza. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. "Rudisha yalivyokuwa."

"Yalikuwa mfano, kaka. Aliyeyafungua mara ya kwanza ameniambia. Ya kijivu ni ya kufutwa. Hapo panasubiri mtu aandike yake. Andika ninavyokutajia, halitakuwa pengo tena."

Nikamtajia polepole, naye akaandika kwa sababu hakuwa na la kufanya isipokuwa kuandika: Nilimuuguza mama yangu Eliwaza, aliyepooza, kwa miaka sita, nyumbani, mpaka alipofariki. Namjua mgonjwa wa kitandani. Naweza kumgeuza bila kumuumiza.

Maneno yalitoka meusi. Nilikuwa sijawahi kuona jina la mama likiwa limeandikwa na mashine. Hata kaburini kwake tuliandika kwa rangi, kwa brashi, na herufi ya mwisho ilichuruzika.

"Mdhamini hatakubali," Lukio akasema.

"Mpigie."

Alipiga. Hiyo ndiyo sheria, na Lukio ni mtu wa sheria. Aliweka simu mezani, sauti wazi, kama inavyofanywa kwa kila mtu, na ilipoanza kuita akasoma wasifu wangu kuanzia mwisho. Ikaita mara ya kwanza akisoma jina la mama. Ikaita mara ya pili na ya tatu akisoma habari ya kumgeuza mgonjwa. Hakuruka neno. Alipomaliza darasa la saba ilikuwa imeita mara tano. Nikainama kwenye simu nikasema, si kwa sauti kubwa, "Bwana Sekiondo, umewadhamini watu hawa wote bila kuwaona. Kama mama yangu hakuishi, sema."

Ikaita mara ya sita.

Ikaita mara ya saba, ikakatika.

"Hakukanusha," Mzee Tobosa akasema nyuma yangu.

Ndivyo sheria inavyosema, na kila mtu ukumbini anaijua. Karatasi imechapwa. Iko mezani, ina joto bado, na maneno yote ni meusi. Lukio amechukua muhuri, ameubonyeza kwenye wino wa kijani, ameuinua. Nikamwambia, "Piga muhuri, kaka."

Hakupiga. Aliniambia nikae kidogo kwenye benchi, nami nimekaa, ndipo nikachukua karatasi hizi sandukuni nikaanza kuandika nyuma yake. Upande wa mbele zote zinafanana. Mzee Tobosa amekaa pembeni yangu. Ameniuliza kama kitu kilichofutwa huweza kurudi, nikamwambia sijui, lakini mahali pake nimepaona. Akaniomba kalamu. Nimemkatia nusu ya karatasi, ameishika magotini, ameandika Nde, na amekwama hapo.

Saa ya ukutani imefika saa nane na robo. Bi Asela amelalia upande wa kulia tangu saa sita, na Bwana Thobia yuko mlangoni kwake na kiti chake. Nimesimama nikaenda mezani tena. Lukio ameshika muhuri kwa mkono wa kulia, wino umeanza kukauka. Kwenye kioo hapana wasifu wangu tena. Ameufungua wake. Ameweka mshale penye ile miaka sita ya kijivu, kidole kiko juu ya kitufe, anaitazama kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka chumba kingine.

"Kaka Lukio," nikamwambia, "saa yake ya kugeuzwa imepita. Nipigie muhuri niende."